Foklifti au telehandla: Usinunue urefu usio na mnunuzi

WAFANYABIASHARA wa vifaa vya ujenzi na wenye malori ya mchanga na kokoto wanaotafuta mahali pengine pa kuweka mtaji hawakosi kutazama mitambo ya kunyanyulia mizigo saiti. Hoja yao inaeleweka. Mkandarasi anayejenga ghorofa tatu ana saruji, matofali na nondo zinazotakiwa kutoka kwenye lori hadi mikononi mwa mafundi, na si kila mkandarasi ana mtambo wake mwenyewe. Anayekodisha hulipwa kwa siku, na jioni mtambo ukirudi yadi bado ni mali yake.

Ugumu huanza kwenye kuchagua. Sokoni kuna mitambo ya aina mbili ambayo kwa mbali inafanana: ina matairi makubwa, ina meno mawili mbele na inanyanyua paleti. Mmoja ni foklifti ya ardhi korofi. Mwingine ni telehandla. Telehandla ndefu inaweza kumgharimu mnunuzi mara mbili ya foklifti au zaidi, na muuzaji hatakosa sababu za kumshawishi achukue iliyo ghali.

Wiki hii ukurasa huu unaeleza namna ya kuchagua kwa hesabu. Kwa ufupi, tani za mzigo hazitoshi kuamua. Kinachoamua ni mahali mzigo unapotua, na idadi ya siku kwa mwaka ambazo mteja yuko tayari kulipia kuufikisha hapo.

Mitambo miwili yenye asili tofauti

Foklifti ya ardhi korofi ni ndugu wa foklifti ya ghalani. Ina mlingoti uliosimama wima mbele, na meno hupanda na kushuka juu ya mlingoti huo kwa minyororo na haidroliki. Tofauti yake na ile ya ghalani ni matairi makubwa yenye kashata, tumbo lililoinuka juu ya mawe, na mara nyingi magurudumu yote manne yanayosukuma. Mwaka 1958 Mfaransa Marcel Braud, wa mji wa Ancenis, alichukua trekta, akaigeuza nyuma ikawa mbele na kuifunga mlingoti. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Manitou, ambalo katika nchi nyingi limebaki kuwa karibu jina la mtambo wenyewe.

Telehandla haina mlingoti. Ina mkono mmoja, ambao mafundi huuita bumu, unaochomoka kutoka ndani yake kama antena ya redio. Bumu linaweza kupanda juu, na pia linaweza kwenda mbele. Kampuni ya JCB ya Uingereza iliingiza sokoni telehandla yake ya kwanza, Loadall, mwaka 1977, na tangu hapo saiti nyingi za Ulaya zimehama kutoka kwenye mlingoti kwenda kwenye bumu.

Mnunuzi ajue kusoma namba za ubavuni, kwa sababu zinamweleza karibu kila kitu. JCB 540-170 ni telehandla ya tani 4 inayofika karibu mita 17. Manitou MT 1840 ni ya daraja la mita 18 na tani 4. Manitou M 30-4 ni foklifti ya mlingoti ya tani 3, na ile 4 ya mwisho inahesabu magurudumu yanayosukuma. Anayetangaza "Manitou ya tani nne" bila kutaja namba ya modeli bado hajasema anauza nini.

Tani za kwenye kibao na tani zinazofika

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Tani 4 zilizoandikwa kwenye telehandla ni tani za mkono ukiwa umerudi ndani. Mkono ukitoka, tani hupungua, na hupungua kwa kasi.

Sababu ni ile ile ya mizani ya sokoni. Magurudumu ya mbele ndiyo kitovu. Mzigo uko upande mmoja, injini na uzito wa nyuma uko upande wa pili. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mtambo unaoweza kuhimili kwa usalama tani 4 zikiwa mita 2 mbele ya magurudumu una nguvu ya 4 mara 2, yaani 8. Mzigo ukisogezwa mita 4 mbele, nguvu hiyo hiyo ya 8 inabeba tani 2. Ukisogezwa mita 8, inabeba tani 1. Na hesabu hii haijaweka uzito wa bumu lenyewe, ambalo nalo limesogea mbele pamoja na mzigo. Kwa hiyo kwenye mtambo halisi kiasi kinachoruhusiwa bumu likiwa limenyooka mbele kabisa huwa kidogo zaidi ya hapo, na mara nyingi huhesabiwa kwa mamia ya kilo.

Ndiyo maana ndani ya kabini ya kila telehandla kuna jedwali la mizigo: mchoro wenye kimo upande mmoja, umbali wa mbele upande mwingine, na katikati kanda zinazoonyesha kilo zinazoruhusiwa. Jedwali hilo ndilo bidhaa unayonunua. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha jedwali la modeli hiyo hiyo anakuuzia chuma na rangi.

Foklifti ya mlingoti haina tatizo hilo kwa kiwango hicho. Mzigo ukipanda, unabaki karibu palepale mbele ya magurudumu, kwa hiyo tani zilizoandikwa hupanda nao karibu zote. Hata hivyo milingoti mirefu nayo hupunguziwa uzito, na kibao cha mtambo lazima kisomwe. Aidha uzito wa kwenye kibao umepimwa mzigo ukiwa na kitovu chake sentimita 50 kutoka kwenye kigongo cha meno, au inchi 24 kwa mitambo mingi ya Marekani. Paleti pana au kreti ndefu inayosogeza kitovu mbele hupunguza uzito unaoruhusiwa hata kama kilo hazijazidi.

Mzigo wa kila siku ni tani mbili

Sasa tutazame mizigo ya saiti zetu. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na paleti ya mifuko 40 ni tani 2. Tofali la zege la inchi 6 lina kilo 25 hadi 30 hivi, na paleti ya matofali 60 ni tani 1.5 hadi 1.8. Nondo ya milimita 16 ina uzito wa kilo 1.58 kwa mita, hivyo nondo moja ya mita 12 ni kilo 19, na fungu la nondo 100 ni tani 1.9.

Msomaji ataona kuwa mizigo yote hii inazunguka kwenye tani 2. Foklifti ya tani 3 inaibeba. Telehandla ya tani 4 inaibeba. Kwa hiyo mfanyabiashara anayelinganisha mitambo hii kwa tani analinganisha kitu ambacho hakitofautiani. Tofauti iko pale mzigo unapowekwa chini.

Kama mzigo unatoka kwenye lori kwenda stoo, kutoka stoo kwenda kwenye mashine ya zege, au kutoka kiwanda cha matofali kwenda kwenye lori la mteja, unatua chini au karibu na chini. Hiyo ni kazi ya foklifti. Inakimbia na mzigo, inageuka mahali finyu, opereta anaona meno yake moja kwa moja, na ina viungo vichache vya kuharibika.

Kama mzigo unatua juu ya slabu, hesabu inabadilika. Kutoka ghorofa hadi ghorofa ni mita 3 hadi 3.3, kwa hiyo slabu ya tatu iko mita 9 hadi 10 juu. Mlingoti wa foklifti nyingi za saiti huishia kati ya mita 3.6 na mita 6 na kidogo. Slabu ya kwanza utaipata, ya tatu hutaipata.

Na hata kwenye slabu ya kwanza kuna kikwazo kingine. Foklifti lazima ifike hadi ukutani, kwa sababu meno yake hayatoki mbele. Saiti yenye mtaro wa msingi ambao haujafukiwa, au jukwaa la mafundi lililozunguka jengo, inaiweka foklifti mita 2 au 3 mbali na ukuta, na hapo haina msaada. Telehandla inasimama nyuma ya mtaro, inapitisha bumu juu yake na kuweka paleti ndani ya jengo. Huko ndiko inakolipwa.

Mpinzani wako saiti

Katika soko letu, mpinzani wa kwanza wa mwenye mtambo ni karai. Kibarua anayebeba zege na matofali kwa ngazi za mbao ndiye anayepanga bei ya juu unayoweza kutoza. Mkandarasi wa nyumba ya ghorofa moja atalinganisha ada yako ya siku na posho ya vibarua kumi, na mara nyingi vibarua watashinda.

Mpinzani wa pili ni winchi ya saiti inayopandisha ndoo na toroli kwa waya. Ni ndogo na rahisi, na ikishafungwa inafanya kazi kila siku bila kuhama. Wa tatu ni lori lenye Hiab, ambalo hufika na mzigo na kuushusha lenyewe. Kila duka kubwa la vifaa linaponunua Hiab, siku za foklifti za kushusha mizigo saiti hupungua.

Kwa hiyo soko la mtambo wa kukodi liko pale ambapo hao watatu wanachelewesha kazi: majengo ya ghorofa mbili hadi nne yenye saiti pana, mabohari ya vyuma, viwanda vya matofali na nguzo za zege, na kambi za miradi mikubwa ambako mabomba, mbao na makontena huhamishwa kutwa nzima. Jengo likizidi ghorofa tano, mkandarasi huanza kufikiria kreni ya mnara, na telehandla inabaki na kazi ya chini tu.

Hesabu ya siku

Tufanye sasa hesabu ya mtaji. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu kwa ajili ya kuonyesha njia. Msomaji aweke za kwake.

Foklifti ya mtumba, pamoja na usafiri, bandari, kodi na usajili, imekufikia kwa shilingi milioni 60. Utaitumia miaka mitano na kuiuza milioni 20. Uchakavu ni milioni 8 kwa mwaka. Mtaji uliofungwa kwa wastani ni milioni 40, na ukihesabu riba ya asilimia 16 ni milioni 6.4. Bima na ukaguzi ni milioni 2, yadi na mlinzi milioni 1.6. Jumla ya gharama za kudumu ni milioni 18 kwa mwaka, ifanye kazi au isifanye.

Telehandla ya mita 17 imekufikia kwa milioni 140, na baada ya miaka mitano utaiuza milioni 60. Uchakavu ni milioni 16. Riba juu ya wastani wa milioni 100 ni milioni 16 nyingine. Bima na ukaguzi ni milioni 4.4, yadi milioni 1.6. Jumla ni milioni 38.

Foklifti unaikodisha kwa shilingi 250,000 kwa siku, mafuta juu ya mteja. Opereta, matairi, oili na spea vinakula 100,000. Kinachobaki ni 150,000. Gawanya milioni 18 kwa 150,000 upate siku 120. Telehandla unaikodisha kwa 500,000, na gharama za siku ni 180,000 kwa sababu opereta wake ni wa ujuzi zaidi na mipira ya haidroliki ni mingi. Kinachobaki ni 320,000. Gawanya milioni 38 kwa 320,000 upate siku 119.

Mwenye pupa ataishia hapo na kusema mitambo iko sawa, siku 120 kwa 119, na telehandla ina faida kubwa zaidi siku zikizidi. Ngoja kwanza. Ile 500,000 ni bei ya urefu. Mteja mwenye kazi ya kushusha saruji na kuipeleka stoo hatalipa 500,000 kwa sababu tu mtambo wako una mkono mrefu. Atalipa bei ya foklifti, 250,000. Ukitoa gharama zako za 180,000, unabaki na 70,000. Gawanya milioni 38 kwa 70,000: ni siku 543. Mwaka una siku 365.

Tuchukue mwaka wenye siku 170 za kazi. Zote zikiwa za foklifti, unapata milioni 25.5, unatoa milioni 18, faida ni milioni 7.5 baada ya kuhesabu riba. Telehandla ikipata siku zote 170 kwa bei ya urefu, inaingiza milioni 54.4, na faida ni milioni 16.4. Lakini siku 100 zikiwa za urefu na 70 zikiwa za chini, inaingiza milioni 32 na milioni 4.9, jumla milioni 36.9. Ni hasara ya milioni 1.1, na mtambo haukupumzika hata siku moja zaidi ya wa jirani yako.

Hiyo ndiyo hatari. Mtambo unaweza kuonekana una kazi, opereta yuko saiti, jirani anakuonea wivu, na mtaji unaliwa taratibu. Anayenunua telehandla ahesabu siku za kuuza urefu peke yake, na siku nyingine zote azichukulie kama nyongeza.

Zipo njia halali za kuongeza siku hizo. Telehandla huweza kufungwa ndoo ya kupakia mchanga, ndoano ya kuning'iniza mizigo, au kikapu cha kupandishia mafundi. Kila kifaa kina jedwali lake la mizigo, na kikapu cha watu kiruhusiwe tu pale mtengenezaji alipoidhinisha mtambo huo kwa kazi hiyo. Paleti yenye mtu juu yake haijawa kikapu.

Ardhi, mvua na barabara

Telehandla ya mita 17 ina uzito wa tani 11 hadi 12 ikiwa tupu. Foklifti ya tani 3 ni karibu nusu ya hapo. Tofauti hiyo utaikuta kwenye mchanga, kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua, na kwenye bei ya lobedi ya kuuhamisha mtambo kutoka saiti moja hadi nyingine.

Ukanda wa Dar es Salaam una mvua za masika kati ya Machi na Mei na za vuli mwishoni mwa mwaka. Dodoma ina msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Mwekezaji anayeahidi siku 250 kwa mwaka ajiulize ni siku ngapi kati ya hizo saiti ilikuwa tope. Magurudumu manne yanayosukuma hutoa mtambo kwenye matope, lakini hayaufanyi usimame wima juu ya matope. Kunyanyua kunahitaji ardhi ngumu na tambarare kwa mitambo yote miwili.

Ubora wa telehandla hapa ni usukani wake. Nyingi zina namna tatu: kukata kona kwa magurudumu ya mbele pekee, kukata kwa yote manne, na kwenda upande kama kaa. Kwenye saiti finyu ya mjini, namna hizo huokoa dakika nyingi. Telehandla ndefu pia zina miguu ya kutulia mbele, ambayo lazima ikanyage juu ya mbao nene kama udongo ni laini.

Usalama ni sehemu ya mtaji

Kuna hesabu moja kila mwenye mtambo aijue kwa kichwa. Mtambo ukiegemea upande kwa nyuzi 3 tu, ambazo jicho halizioni kwa urahisi, mzigo ulio mita 4 juu husogea kando kwa sentimita 21. Mzigo ulio mita 12 juu husogea kwa sentimita 63. Ndiyo sababu telehandla nyingi ndefu zina namna ya kusawazisha mwili kabla ya kunyanyua, na ndiyo sababu opereta wa foklifti hapaswi kukabidhiwa telehandla bila mafunzo yake. Aliyezoea mlingoti amezoea mtambo usiobadilika kadiri unavyonyanyua. Bumu hubadilika kila mita.

Bumu pia hufunika upande wa kulia wa opereta, hivyo saiti iwe na mwongozaji mmoja anayeeleweka, na mtu yeyote asipite chini ya mzigo.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina ya mwaka 2007. Vyombo vya kunyanyulia hutakiwa kukaguliwa, na makandarasi makini huomba cheti cha ukaguzi na cha opereta kabla mtambo haujaingia getini. Mwekezaji asiyelipia ukaguzi atakuta wateja wazuri wamefungwa kwake, na akapata wale tu wanaolipa kwa ahadi. Ajali moja ya mtambo kupinduka inaweza kuondoa roho ya mtu, na pamoja nayo kazi ya miaka mitano.

Kununua mtumba

Mitambo mingi ya mtumba hutafutwa kwenye minada ya Leeds nchini Uingereza, Moerdijk nchini Uholanzi, au Jebel Ali, Dubai. Mnunuzi atume fundi au alipie ukaguzi, na fundi huyo apewe orodha hii.

Kwenye foklifti, apime mnyororo wa mlingoti. Uliorefuka kwa asilimia 3 umekwisha. Apime unene wa meno kwenye kona yake ya chini. Jino lililolika kwa asilimia 10 limepoteza karibu asilimia 20 ya nguvu, na halifai kazi. Atazame kama mlingoti unacheza na kama mzigo unashuka wenyewe mtambo ukiwa umesimama.

Kwenye telehandla, atoe bumu lote nje na kutazama pedi zinazoshikilia sehemu moja ndani ya nyingine. Bumu linalocheza kushoto na kulia linadai pedi mpya au zaidi. Mipira ya haidroliki na minyororo iliyo ndani ya bumu ni kazi ya siku nzima kubadilisha. Ajaribu namna zote tatu za usukani. Kifaa cha onyo la uzito, chenye taa za kijani, njano na nyekundu, lazima kifanye kazi. Kikiwa kimekatwa waya, mtambo huo umekuwa ukizidishiwa mizigo.

Jambo la mwisho ni mafuta. Mitambo mipya iliyotengenezwa kwa masharti ya moshi ya Ulaya, hasa ya kuanzia 2019, imekusudiwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza kutumika 2015 kiliruhusu hadi sehemu 50. Vichujio vya moshi vya mitambo hiyo huweza kuziba, na mingine huhitaji kimiminika cha AdBlue ambacho hakipatikani kila mkoa. Mtambo wa zamani kidogo wenye injini rahisi unaweza kukuingizia siku nyingi kuliko mpya unaosubiri kompyuta ya fundi.

Kwenye forodha, mitambo yote miwili huangukia kichwa cha 84.27 cha orodha ya kimataifa ya bidhaa. Muulize wakala kiwango cha ushuru kabla mzigo haujapakiwa melini, na uweke VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, kwenye hesabu ya fedha taslimu hata kama utaidai baadaye.

Nani anunue nini

Mwenye mtaji wa kwanza, mwenye duka la vifaa au kiwanda cha matofali, aanze na foklifti ya tani 3 yenye magurudumu manne yanayosukuma. Hata siku isiyo na mteja itamfanyia kazi yadi kwake. Inauzika, inatengenezeka, na ikisimama hasara yake inahimilika.

Kikundi kilichochanga mtaji kinunue telehandla pale tu kilipo na barua za makandarasi wawili au watatu wanaojenga ghorofa kwa wakati mmoja, zenye siku na bei ndani yake. Barua hizo zikifikia siku 120 kwa mwaka kwa bei ya urefu, mtambo umejilipia kabla ya kazi za kubahatisha. Zikiwa pungufu, kuna telehandla fupi za mita 6 au 7, kama zile za daraja la MT 625, ambazo hufanya kazi ya foklifti na kupitisha mzigo juu ya mtaro, bila kukufungia mtaji wa mita 17.

Kabla ya kulipa hata shilingi ya arubuni, mnunuzi atembelee saiti tano za eneo lake akiwa na futi ya kupimia na daftari. Aandike mambo matatu kwa kila saiti: mzigo unatua mita ngapi juu, mtambo utasimama mita ngapi kutoka ukutani, na mkandarasi analipa kiasi gani leo kwa vibarua, winchi au Hiab. Kurasa hizo tano ndizo aende nazo kwa muuzaji, aziweke kando ya jedwali la mizigo na kuuliza mtambo upi unajibu.